Maandishi ya ufito wa Babu

Fundi wa Malindi, saa 2:05 usiku
Assalamu alaikum, jamaa wote. Shikamooni wakubwa. Ufito wa kuvulia ninaomtengenezea Babu umefika mahali ambapo nahitaji kauli ya ukoo kabla sijaendelea. Pete zote za kupitishia mshipi zimefungwa kwa uzi, kishikio cha rili, ile ya kukunjia mshipi, kimekaa sawasawa, na uzi umeshapakwa mkono wa kwanza wa epoksi, ile gundi angavu inayokauka ikawa ngumu. Kilichobaki ni maandishi, na juu yake mkono wa mwisho wa epoksi. Huo ukishakauka, hatutaweza kuongeza wala kupunguza herufi hata moja bila kukwangua kazi yote. Naomba mniambie tuandike nini, na kwa hati gani. Babu hayumo katika kundi hili, kwa hiyo semeni kwa uhuru.

Kaka wa Mombasa, saa 2:11 usiku
Waalaikumu salamu, mdogo wangu. Kazi nimeiona pichani na imenifurahisha sana. Maandishi niachie mimi, kwani hapa dukani nina mashine ya kukata stika. Nitakata jina zima kwa plastiki nyeupe na wewe utalibandika tu.

Fundi wa Malindi, saa 2:19 usiku
Ahsante, kaka. Stika inawezekana, lakini plastiki ina unene wake, na epoksi ikipita juu yake huacha ukingo unaoonekana na kuguswa kuzunguka kila herufi, mpaka upake mikono miwili au mitatu zaidi ndipo ukingo ufunikwe. Kila mkono unaoongezwa ni uzito juu ya ufito, nao unaanza kuonekana kama umevimba mahali pamoja. Jambo jingine ni kwamba ufito ukilala juani kwenye mashua mchana kutwa, stika ambayo haikushika vizuri hunyanyuka pembeni chini ya epoksi na kuacha utando mweupe wa hewa. Napendelea rangi au wino, vitu visivyo na unene.

Ami wa Malindi, saa 2:24 usiku
Mwanangu, kwa nini usichonge? Mimi jina la mashua yangu limechongwa kwenye ubao, na chumvi ya miaka yote hii haijalifuta.

Fundi wa Malindi, saa 2:31 usiku
Shikamoo, Ami. Ubao wa mashua una unene wa kuchongeka. Ufito huu ni bomba jembamba la faibaglasi, na nguvu yake yote imo katika nyuzi za kioo zinazokwenda kutoka tako hadi ncha. Ukizikata kwa patasi au ukaziunguza kwa chuma cha moto, hata kwa kina cha unywele, umepatengenezea mahali pa kuvunjikia, na siku samaki mkubwa kama nduaro atakapoinamisha ufito, utakatika pale pale palipoandikwa jina. Kama tungetaka kuchonga, tungechonga kwenye tako la mti, lakini tako lenyewe linashinda ndani ya kishikizo cha mashua likisuguliwa, wala hakuna atakayelisoma.

Ami wa Malindi, saa 2:34 usiku
Marahaba. Nimekuelewa, na nakubali. Basi andika jina lake kamili, kwa sababu mtu aliyeendesha mashua katika maji haya kwa umri wake wote anastahili jina lake lote lisomwe.

Dada wa Muscat, saa 2:40 usiku
Shikamooni nyote. Mimi nilikuwa napendekeza jina lake kamili, kisha «Zawadi kutoka kwa wanao na wajukuu zako wanaokupenda na kukuombea afya njema na umri mrefu», na chini yake mwaka. Zawadi ambayo haisemi imetoka kwa nani ni kama ya kununua dukani.

Shangazi wa Lamu, saa 2:52 usiku
Marahaba, wanangu. Nimesoma yote na nina maneno mawili, nanyi mnivumilie kwa sababu nimefundisha hati kwa muda mrefu na jambo hili linanigusa.

La kwanza ni kuhusu jina kamili. Jina la baba yetu linaanza na Abdul, na baada ya Abdul ni jina katika majina ya Mwenyezi Mungu. Ufito wa kuvulia hushikwa kwa mikono yenye chambo, hurukiwa na damu ya samaki, hulazwa sakafuni mwa mashua na watu wakaupita kwa miguu. Sisemi kwamba yeyote kati yenu amekusudia kukosa adabu, la hasha. Nasema tu kwamba baba mwenyewe, ninavyomjua, atauona ufito wenye jina hilo na hatauchukua baharini kamwe. Atautundika ukutani, na wewe fundi utakuwa umetengeneza pambo.

La pili ni urefu wa maneno. Hata kanga, ambayo ni nguo pana, ina jina la maneno machache tu, na watu hulisoma kwa mbali na kulikumbuka. Huu ufito una upana gani, mwanangu?

Fundi wa Malindi, saa 3:03 usiku
Shangazi, hapo mbele ya mshikio, kabla ya pete ya kwanza, ufito una kipenyo cha milimita 14, yaani mzunguko wake ni kama milimita 44. Jicho linaona vizuri theluthi moja tu ya mzunguko bila kuugeuza ufito, na theluthi hiyo haifiki milimita 15. Herufi ikizidi hapo, kichwa chake na miguu yake inazunguka kwenda upande wa pili. Kwa urefu tuna nafasi ya sentimita 25 hivi iliyo wazi kati ya nakshi za uzi. Maneno ya dada yanaweza kuingia, lakini kwa herufi ndogo kama za maelezo ya kwenye kichupa cha dawa.

Bibi, saa 3:10 usiku
Babu yenu hasomi herufi ndogo bila miwani, na miwani haendi nayo baharini.

Bibi, saa 3:12 usiku
Tena hakuna anayemwita kwa jina kamili isipokuwa karani. Pwani nzima ya hapa wanamwita Nahodha. Mwandikieni hilo.

Ami wa Malindi, saa 3:15 usiku
Mama amesema. Mimi sina la kuongeza juu ya jina. Nina ombi moja la kazi: andikeni pia urefu wa ufito na nguvu ya mshipi unaofaa, kama fito za viwandani zinavyoandikwa. Kwenye mashua kunakuwa na fito tano au sita zilizosimama, na baharia mgeni akiona ufito mnene anaufunga mshipi wa ratili 80 na kukaza breki ya rili, kumbe ufito ni wa ratili 50, na samaki mkubwa akishika, kinachovunjika si mshipi tena. Herufi hizo si lazima ziwe kubwa, maadamu zipo na haziongopi.

Fundi wa Malindi, saa 3:21 usiku
Hilo ni sahihi kabisa, Ami, nami nitaliandika karibu na mshikio: futi 5 na inchi 6, ratili 50. Hapo panaweza kukaa herufi ndogo kwa sababu anayezisoma ni mtu anayefunga rili, naye anakuwa ameinama juu ya ufito.

Dada wa Muscat, saa 3:25 usiku
Nimekubali kuhusu urefu wa maneno. Lakini je, wajukuu tusitajwe kabisa?

Shangazi wa Lamu, saa 3:33 usiku
Mtatajwa kwa neno moja, mama. Tuandike «Nahodha» kwa hati ya Kiarabu, kwa sababu ndiyo hati aliyofundishwa kuandikia Kiswahili katika chuo cha Kurani na mpaka leo hesabu zake za samaki huziandika hivyo. Kisha tuandike «Wajukuu, Malindi» kwa herufi za Kirumi. Hati mbili kwenye ufito mmoja zinampa kila msomaji fungu lake.

Kaka wa Mombasa, saa 3:37 usiku
Shikamoo, Shangazi. Zitasomekaje pamoja, ilhali moja inatoka kulia na nyingine kushoto?

Fundi wa Malindi, saa 3:46 usiku
Kaka, nimekaa na ufito mkononi nikajaribu kwa kuchora na chaki. Ukiushika ukiwa umelala mbele yako, tako likiwa upande wako wa kushoto, herufi za Kirumi zinaanzia karibu na mshikio na kuelekea nchani, na hati ya Kiarabu inaanzia upande wa ncha na kurudi kuelekea mshikio. Maneno yanakutana katikati, na tutaacha hapo nafasi ya vidole viwili. Wala hakuna linalosimama kichwa chini. Ni jambo la kupendeza kulitazama, na sikulitarajia. Yote yatakaa upande wa juu, ule wa pete na rili, kwa kuwa ufito huu ni wa kukokotea, yaani wa kuburuta chambo nyuma ya mashua, na rili yake inakaa juu; mshipi unapita hewani juu ya maandishi bila kuyagusa.

Linalonisumbua sasa ni rangi. Ufito ni mweusi, na mashine za kawaida za kuchapa hazina wino mweupe wala wa dhahabu. Kuna karatasi za chapa zinazoloweshwa majini kisha chapa ikatelezeshwa juu ya kitu, na fundi wengi huzitumia, lakini zile angavu haziwezi kuonyesha herufi juu ya weusi, na zile nyeupe zinaacha kiraka cheupe nyuma ya maandishi.

Shangazi wa Lamu, saa 3:50 usiku
Hati ya Kiarabu nitaiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Hilo halina mjadala.

Kaka wa Mombasa, saa 3:56 usiku
Basi mimi nitakata ile plastiki si kwa ajili ya kubandika, bali kama kiolezo: herufi za «Wajukuu, Malindi» zinakuwa matundu, fundi anaibandika, anapaka rangi ya dhahabu ndani ya matundu, kisha anaibandua kabla rangi haijakauka kabisa. Nikikata herufi za milimita 9, Bibi, Babu ataziona?

Bibi, saa 3:58 usiku
Ataziona.

Fundi wa Malindi, saa 4:12 usiku
Nashukuru sana, wote. Nieleze namna kazi itakavyokwenda, hasa kwa Shangazi, ili kalamu isigome.

Nitapaka kwanza mkono mwembamba wa epoksi pale pa kuandikia na kuuacha ukauke kwa siku nzima. Faida yake ni mbili: wino unakaa juu ya sehemu laini badala ya kufuata mikwaruzo ya faibaglasi, na herufi ikienda kombo inafutwa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo kabla wino haujakauka, na ufito wenyewe haudhuriki. Kisha nitavuta tepu ya karatasi kwa urefu iwe mstari wa kuandikia, maana ufito unapungua unene kuelekea nchani na jicho peke yake hudanganyika. Baada ya hapo tusipashike kwa vidole vitupu, kwa sababu mafuta ya ngozi hufanya epoksi ijitenge na kuacha vishimo kama macho ya samaki.

Kuhusu wino, nimejaribu kalamu za dhahabu za madukani juu ya kipande cha ufito kilichobaki. Baadhi zilionekana nzuri sana, kisha epoksi ilipopita juu yake dhahabu ikayeyuka na kutambaa. Rangi ya akriliki iliyozimuliwa kidogo kwa maji, ikaandikwa kwa kalamu ya kuchovya yenye ncha ya chuma na kuachwa mpaka siku ya pili, haikusogea. Hiyo ndiyo nitakayokuwekea, Shangazi.

Mkono wa mwisho nitaupaka alfajiri, kabla joto halijapanda, kwa sababu joto letu hufanya epoksi ianze kuganda kabla hujamaliza. Nitapima vichupa viwili sawa kwa sawa, nitaimimina kwenye sahani bapa ili isijipashe moto yenyewe, na ufito utazungushwa polepole na ile mota ndogo mpaka epoksi isiweze tena kutiririka. Jambo moja niseme wazi: jua huipa epoksi umanjano kadiri miaka inavyopita. Herufi nyeupe zingegeuka rangi ya meno ya tembo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuchagua dhahabu.

Shangazi wa Lamu, saa 4:20 usiku
Nimefahamu vizuri. Kalamu ya chuma si kama tete niliyoizoea, na sijapata kuandika juu ya kitu cha mviringo. Nitumie hicho kipande kilichobaki pamoja na rangi yenyewe, nipate kuuzoesha mkono kabla ya kuja Malindi kwenye harusi. Nukta ya *nun* na ya *dhal* ndizo nitakazozihangaikia, kwa sababu zikikaa mbali na herufi yake zitaangukia upande wa pili wa ufito.

Fundi wa Malindi, saa 4:24 usiku
Kesho asubuhi nitampa kondakta wa basi la Mokowe, kwenye gati la kuvukia Lamu, In Shaa Allah. Kipande kitakuwa ndani ya bomba la plastiki lililozibwa pande zote mbili, na nitakichorea alama ya chaki kuonyesha upande wa tako na upande wa ncha. Kaka, kiolezo chako kikiwa tayari kitume kikiwa kimenyooka, usikikunje.

Ami wa Malindi, saa 4:27 usiku
Na rangi uifunge vizuri kifuniko, mwanangu, isije ikamwagika njiani.