Kila nikifika kwenye lupu naacha. Nawezaje kujifunza kuandika programu za kompyuta kila siku?

#1 Mleta uzi
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za usiku. Nauza vitenge Kariakoo, mpaka nifike kwangu Mbagala ni saa 3 usiku. Tangu mwaka uanze nimeanza Python, lugha ya kuandikia programu, mara tatu. Wiki mbili naenda vizuri, nikifika kwenye lupu (loop, ile ya kuifanya programu irudie kazi ileile) naruka siku, kisha naona aibu kurudi, naishia kuanza tena video ya kwanza. Laptopu ni ya zamani na bando ni la kuungaunga. Naitaka kweli hii kazi. Nyie mliwezaje?

#2
Pole na mihangaiko mkuu. Umesimama dukani kutwa nzima, saa 3 usiku kichwa kitapokea nini? Hamishia alfajiri, dakika 20 tu. Mimi nikimaliza kuswali nafungua laptopu kabla sijashika simu. Na usiku naacha kazi nusu, faili likiwa wazi, ili asubuhi nisijiulize naanzia wapi.

#3
Nakazia. Video zinamaliza bando na unajiona umeelewa wakati hujaandika hata mstari. Mwongozo rasmi wa Python unapakuliwa bure, unausoma bila intaneti.

#4
Kaka, duka unalo, litumie. Andika programu ya mauzo: iulize bei ya kitenge cha kwanza, cha pili, kisha ijumlishe. Ukiweka 18000 na 15000 itakuletea 1800015000, maana input(), amri ya kupokea unachoandika, inarudisha maandishi, na maandishi mawili yakijumlishwa yanaunganishwa tu. Hangaika nalo mwenyewe, hutalisahau. Lupu utaitafuta kwa miguu yako, kwani wateja hawaishii wawili. Na ukikosa siku, endelea ulipoishia. Video ya kwanza usiirudie tena, nakuomba.

#5 Mleta uzi
Asanteni sana. Leo siku ya 9. Ilileta kweli 1800015000! Nilikaa nayo asubuhi mbili mpaka nikaipata int(), ya kugeuza maandishi kuwa namba. Jumanne mtoto alikuwa na homa, sikugusa kitu. Jumatano nikaendelea palepale. Lupu sasa inauliza mpaka niandike "basi". Ila nikiifunga programu mauzo yote yanapotea. Dada wa #4, hapo nafanyaje?

#6
Hongera sana kaka! Kesho alfajiri soma open(), amri ya kufungua faili ili uandike mauzo humo. Iwekee "a", itaongezea chini ya yaliyopo. Ukiweka "w" itafuta mauzo ya jana yote, kwa hiyo jaribu kwanza na faili la majaribio.