Dereva akigonga na kutoroka: sheria ya Kenya inasema nini?

mwanaboda: Wakuu, gari likimgonga mwendesha boda kisha likatoroka, na watu wamenasa namba za usajili tu, aliyeumia aanzie wapi? Na dereva anayehofia kupigwa na umati, analazimika kusimama?

Wakili_wa_Mtaa: Kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki (Sura 403) kinamtaka dereva asimame, atoe jina na anwani yake, ya mwenye gari, na namba za gari. Asipoweza kuzitoa pale, aripoti polisi mapema iwezekanavyo, na si zaidi ya saa 24. Umati ukiwa mkali, aendeshe moja kwa moja hadi kituo cha polisi cha karibu. Kwenda kulala nyumbani ndiko kunakomponza. Na si binadamu tu: hata ukigonga mifugo au magari ya watu, sheria ni ile ile.

Bima_Kazini: Kwa majeruhi: ripoti kituo cha polisi upate nambari ya OB (daftari la matukio la polisi), kisha fomu ya P3, ya polisi ya kuonyesha majeraha, ambayo daktari huijaza. Weka risiti zote za hospitali. Namba za gari zitafutwe NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), mwenye gari ajulikane. Halafu dai abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wa ripoti ya ajali. Humo ndimo jina la bima hupatikana. Wengi hukwama hapa, namba ya gari ikikosewa herufi moja bima hukataa dai. Bima ya lazima hulipa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja.

Wakili_wa_Mtaa: Kesi ya fidia ifunguliwe ndani ya miaka 3. Kesi ya jinai ikichelewa, msiingoje.