Samaki mwatiko: mbegu (vifaranga) ya kuokota baharini au ya kituoni, ipi inakua haraka?

Mtwara_kwetu: Wadau, nina bwawa la maji chumvi nyuma ya mikoko, nataka kupanda mwatiko masika hii. Kuna vijana wanaokota mbegu kwenye vidimbwi wakati wa bamvua (maji makubwa), bei poa, halafu kuna za kutotoleshwa kule kituo cha Beit el Ras Zanzibar. Jirani yangu anasema za baharini zinakua balaa, za kituoni zinadumaa. Kweli au maneno ya kijiweni?

kwale_pwani: Huku Kwale wengi wetu ni za baharini tu. Nguvu zinayo, dhaifu washaliwa huko huko. Lakini beseni moja unapata mwatiko, mkizi na vitu vingine vyembamba vinafanana kabisa, vikikua ndo unajua ulikuwa unalisha mla wenzake. Na saizi haziko sawa.

mzee_wa_bwawa: Hiyo saizi ndo inayowachanganya watu mkuu. Mtu anapanda za baharini zishafika urefu wa kidole, analinganisha na za kituoni zina wiki 3 tangu zianguliwe, yaani unaona macho tu yanaelea, halafu miezi 3 baadaye anatangaza za kituoni zimedumaa, sasa ulitegemea nini? Anza na uzito sawa, maji yale yale, msongamano ule ule, kama unategemea mwani wa chini bila chakula weka samaki wachache tu basi. Ufilipino walifuga mwatiko wa kuokota miaka na miaka, kumzalisha kituoni wamekuja kuweza mwishoni mwa miaka ya 1970 kuingia 1980, na leo kule Gondol, Bali, Indonesia, watu wana matenki uani kwao wanauza mbegu hadi Ufilipino. Zingekuwa zinadumaa nani angenunua?

bint_pemba: Nakubali kuhusu kukua, ila za kituoni zina kasoro yake mzee, usiifiche. Lava (kifaranga aliyetoka tu kuanguliwa) akikosa lishe nzuri kule tenkini, wengine wanatoka na kifuniko cha mashavu kisichofunga. Wakishakuwa wa kidole chota wachache, mwaga kwenye beseni jeupe uwatazame kwa ubavu, mzima shavu limelala, mbovu unaona wekundu wa matamvua uko wazi nje. Huyo hewa ikipungua majini alfajiri ndo wa kwanza kuelea. Mie wabovu wakizidi narudisha mfuko, sibishani.

mzee_wa_bwawa: Sijaficha dada, hilo ni kweli kabisa. Ila vijana wa bamvua nao wakibeba mbegu kwenye ndoo juani zinafika nusu zimekufa, na mwezi ambao mbegu inakosekana bwawa linakaa tupu. Mie kwa hilo tu nachukua za kituoni.

Mtwara_kwetu: Basi nigawe bwawa katikati, huku hizi huku hizi, nipime kila bamvua. Chandarua kitafaa kugawia?

kwale_pwani: Weee, chandarua kinazibwa na mwani upesi, maji hayapiti upande wa pili na kipimo chako kinaharibika hapo hapo. Tafuta neti ya nailoni matundu makubwa kidogo, na upandikize walio saizi ya kidole, vidogo vitapenya vichanganyike.