Magadi yanachimbwa miaka yote, mbona hayaishi?

MamaMakande
Habari zenu wakuu. Mimi napika makande Mbauda, Arusha. Magadi nanunua kwa mama mmoja wa Kimasai, anasema yanatoka Ziwa Natron. Jana mteja wangu, dereva wa lori, kaniuliza: hiki kitu kinachimbwa tangu enzi za mababu, Kenya kina kiwanda kabisa, mbona hakiishi? Nikamwambia kazi ya Mungu, akacheka. Anayejua anieleweshe kwa lugha nyepesi. Na lile povu linalopanda nikiyatia kwenye sufuria ni nini?

MzeeWaKonza
Hujambo dada. Nimestaafu, lakini nilifanya kazi Ziwa Magadi, Kenya, kwenye mashine za kuchimbia, zile zinazoelea ziwani.

Anza na mvua. Hunyesha kwenye miinuko ya Bonde la Ufa, juu ya mawe ya volkano yenye sodiamu tele. Maji hayo yamebeba kaboni dioksidi ya hewani na ya udongoni, kwa hiyo yana asidi kidogo, na yakizama yanamung'unya mawe polepole. Kule chini kuna moto. Yanapanda tena pembezoni mwa ziwa kama chemchemi, nyingine zinapita nyuzi 80. Usijaribu kunawa miguu. Kalsiamu imeshatuama njiani ikawa chokaa. Kinachofika ziwani ni sodiamu na kaboneti, hizo mbili ndizo magadi yenyewe, na chumvi, na floridi.

Sasa, Ziwa Magadi halina mto unaotoka. Njia ya kutokea ni moja tu, juu, na jua la pale huyavuta maji kuliko mvua inavyoyaleta. Maji yanapaa, magadi yanabaki, tabaka juu ya tabaka, mahali pengine mita 40 kwenda chini. Kampuni ilianza 1911 na chemchemi hazijaacha kuleta.

Hata samaki wa pale wamejipanga. Kuna kasamaki kadogo; wenzake duniani hutoa naitrojeni ya mwilini kama amonia kupitia matamvua, lakini kwenye maji yenye magadi mengi vile amonia haitoki vizuri. Yeye hutoa yurea, kama mimi na wewe.

Kijana_wa_Engaresero
Mzee umemsahau Oldoinyo Lengai! Lava yake ni ya kaboneti ya sodiamu, hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa hiyo. Inatoka nyeusi, ikipata unyevu inageuka nyeupe ndani ya siku chache. Mvua ikiosha, nyingine inateremka Natron.

MzeeWaKonza
Kweli kijana, ila usimpe mlima sifa yote. Mawe ya kawaida ya bonde yana mchango mkubwa zaidi.

MamaMakande
Ahsante mzee. Kwa hiyo nikiyapika, yanarudi ziwani?

MzeeWaKonza
Hapo ndipo patamu. Mvuke wa sufuria yako utarudi kama mvua mahali fulani. Povu ni kaboni dioksidi inayotoroka kwa joto. Inarudi hewani, na kwenye tanuri la kutengenezea kioo, ambako magadi hutumika pia, ni hivyo hivyo. Lakini sodiamu haijui kuwa hewa. Inapita mwilini, inaingia chooni, mtoni, mwishowe baharini. Bonde halirudishiwi, linapata nyingine kutoka kwenye mawe mapya. Ndiyo maana ukichimba haraka kuliko mawe yanavyoyeyuka, deni litaonekana, hata kama si kwa umri wangu.

Nesi_Moshi
Dada, floridi aliyoitaja mzee usiipuuze. Haitoki kwa kuchemsha. Maji yanapungua, yenyewe inabaki kwenye chakula. Na maji yetu ya kuzunguka Meru na Kilimanjaro mengi yana floridi tayari, ndiyo hayo meno ya kahawia unayoyaona kwa watoto. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, magadi utie kidogo au uache.

MamaMakande
Maharage sawa, nitaloweka. Ila mahindi bila magadi, mkaa nani ananinunulia?

Nesi_Moshi
Nayo loweka. Saa za jioni, ukifunga genge.