Tope la chini ya ziwa: liondolewe au liachwe?

Mkazi wa Kisumu:
Waungwana, salamu. Kila maji ya Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria hapa kwetu, yanapogeuka kijani na magugu maji yakaziba njia ya mitumbwi, husikika hoja kwamba dawa ni kufyonza tope lote lililolala chini, kwa kuwa ndilo lililohifadhi uchafu wa miaka mingi. Je, lipo ziwa lililopona kwa njia hiyo?

Mpenda Maziwa:
Ndugu, lipo. Ziwa Trummen, mjini Växjö kusini mwa Uswidi, lilipokea maji taka kwa miongo mingi hadi yalipoelekezwa kwingine mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini zaidi ya miaka kumi baadaye mwani ulikuwa bado unatanda kila kiangazi. Tope lenyewe ndilo lililoulisha: fosforasi, kirutubisho cha mwani, ikizama hushikana na chuma, na oksijeni inapokwisha huko chini mshikano huo hulegea, fosforasi ikarudi majini. Mwaka 1970 na 1971, chini ya uongozi wa Sven Björk wa Chuo Kikuu cha Lund, lilifyonzwa tope jeusi la takriban nusu mita kila mwaka, likatuamishwa katika mabwawa ya kando, na maji yaliyojitenga nalo yakatiwa shabu ili kunasa fosforasi kabla ya kurudishwa ziwani. Tope lililokauka liliuzwa kama udongo wa bustani, na mwani ukapungua sana.

Hata hivyo, Trummen lina ukubwa wa kilomita moja tu ya mraba, ilhali ghuba yenu inakaribia 1,400, na Mto Nyando bado unaleta udongo wa mashambani kila masika. Kufyonza ghuba nzima katika hali hiyo ni kuchota maji kwa pakacha.

Mkazi wa Kisumu:
Nashukuru. Basi hakuna hata sehemu moja inayofaa?

Fundi Mitambo:
Zipo sehemu ndogo, ila swali la kwanza ni tope litapelekwa wapi. Katika Ziwa Onondaga, jimbo la New York, tope lenye zebaki ya viwandani lilifyonzwa kati ya 2012 na 2014, likasukumwa kwa bomba kilomita kadhaa, likajazwa katika mifuko mikubwa ya kitambaa kinachochuja maji, nayo maji hayo yakasafishwa. Sehemu ya tope lililobaki ziwani ikafunikwa kwa tabaka la mchanga na kokoto. Gharama ya namna hiyo si ya kubebwa na kaunti peke yake.

Ningeanzia mdomo wa Mto Kisat, unaopitisha maji taka ya mji, na ningepima sampuli za tope, zebaki ikiwemo, kabla mtambo wowote haujashushwa majini. Maji taka yasipodhibitiwa kwanza, fedha hizo afadhali zijenge mabomba.