Je, mtu anaweza kweli kufichwa asionekane kwa macho? Wanafunzi wangu wanadai jibu

MwalimuPangani ameuliza:

Wadau, habari za jioni. Mimi nafundisha fizikia kidato cha pili na cha tatu katika shule moja ya serikali huku mkoa wa Tanga. Wiki iliyopita kijana wa kidato cha tatu alinionyesha video kwenye simu. Mtu amesimama bustanini, anajifunika kitambaa, mwili unapotea, majani ya nyuma yake yanaonekana kana kwamba pale hapana mtu. Akaniuliza, "Mwalimu, hapa mwanga umepinda au ni dawa?" Nikamwambia ni video iliyohaririwa: wanarekodi kwanza bustani tupu, halafu programu inabandika picha hiyo kila palipo na rangi ya kitambaa. Jibu ni sahihi, lakini yeye alitaka kujua kama jambo lenyewe linawezekana, na hapo nilikuwa sijamjibu.

Si swali la kupitishia muda. Kijana wa bodaboda mtaani kwetu alituma shilingi 85,000 kwa mtu aliyemwahidi "vazi la kutoonekana kutoka ng'ambo". Akaletewa nailoni. Fedha ile ilikuwa ya marejesho ya pikipiki.

Basi kesho yake nikaingia darasani na chupa ya mafuta ya alizeti. Nikachukua testi tyubu ya maabara, ile ya kioo kinachostahimili moto, nikaitumbukiza kwenye bika lenye mafuta. Ikiwa na hewa ndani, ilionekana vizuri tu. Nikaanza kuimiminia mafuta polepole, nayo ikawa inatoweka kuanzia chini kwenda juu, hadi ukabaki mdomo wake peke yake, kama pete inayoelea. Waliokaa nyuma walipanda juu ya madawati. Sababu yake tunaijua: kioo kile na mafuta hupinda mwanga kwa kiwango kinachokaribiana sana, 1.47 hivi, kwa hiyo mwanga unapovuka mpaka wao hakuna kinachoushtua. Glasi ya kawaida ya chai yenyewe ni kama 1.52, ndiyo maana ukiizamisha bado unaona mistari yake.

Lakini ukitia kijiko ndani ya tyubu ile, kijiko unakiona. Nilichofanya ni kuifananisha tyubu na mafuta. Sikuficha kitu.

Naomba msaada kwa mambo mawili. Kwanza, wanasayansi wamefika wapi katika kuficha kitu kisichopitisha mwanga, kama kijiko au mtu? Pili, nimesikia kuna jaribio la lenzi nne. Maabara yetu ina lenzi mbinuko mbili za fokasi (umbali ambao lenzi hukusanya mwanga wa mbali) sentimita 20 na mbili za sentimita 10. Zinafaa? Zipangwe vipi?

FundiMnara amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa minara ya simu, niko Dodoma. Niruhusu nianzie kwenye mawimbi ninayoyahangaikia kila siku, maana kitu cha kwanza kufichwa kwa njia nitakayoieleza kilifichwa kwa mawimbi hayo, si kwa mwanga.

Ile ngoma nyeupe unayoiona juu ya mnara hurusha maikrowevu kwenda mnara mwingine, na nyingi ninazozifunga ni za gigahezi 7 na 8. Wimbi la gigahezi 8.5 lina urefu wa sentimita 3.5. Unaweza kulipima kwa rula ya mwanafunzi. Ishike namba hiyo.

Mwaka 2006 John Pendry wa Imperial College London, akiwa na David Schurig na David Smith wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani, walichapisha hesabu za kuyazungusha mawimbi kandokando ya kitu, jinsi maji ya mto yanavyozunguka jiwe na kuungana tena chini yake. Mwanafizikia Ulf Leonhardt naye alichapisha wazo la jirani na hilo mwaka huohuo. Haikufika hata mwisho wa mwaka, Oktoba, watu wa Duke wakawa wamekijenga kifaa chenyewe: pete kumi, moja ndani ya nyingine, zimechapwa vijipande vya shaba vya milimita chache. Katikati wakaweka silinda ya shaba, wakarusha mawimbi ya gigahezi 8.5. Mawimbi yakaizunguka, yakaungana upande wa pili. Kivuli kidogo kilibaki, na mawimbi yalikuwa yamebanwa kati ya mabamba mawili, yaani ni ufichaji wa bapa, wa juu na chini haupo. Mimi niliposoma habari ile nilikuwa chuo, na ndiyo iliyonifanya nichague mawimbi badala ya umeme wa majumbani.

Vifaa vya namna hiyo huitwa metamateria. Tabia yake haitoki kwenye shaba yenyewe. Inatoka kwenye umbo la vijipande na mpangilio wake, ila kwa sharti kwamba kila kijipande kiwe kidogo sana kuliko wimbi. Kwa wimbi la sentimita 3.5, milimita chache zinatosha, na mashine ya kuchapa bodi za redio inaweza kazi hiyo. Sasa njoo kwenye mwanga wa macho: urefu wa wimbi lake ni nanomita 400 hadi 700, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Hata mwanga mwekundu wimbi lake ni dogo kuliko lile la Duke kama mara 50,000. Punguza na vijipande vyako mara 50,000, kisha vipange kufunika mwili wa mtu mzima. Na metali, ambayo kwenye redio inanitii, kwenye mwanga inaanza kuumeza na kuugeuza joto.

Tuseme hata hilo limewezekana. Kuna kikwazo kingine ambacho teknolojia ya kuchonga vitu vidogo haitakiondoa. Wimbi linalozunguka lina njia ndefu kuliko lile ambalo lingepita moja kwa moja. Ili litoke kwa wakati mmoja na wenzake, migongo yake, yaani vilele vya wimbi, lazima ikimbie zaidi, na hewani mwanga tayari unakimbia karibu kabisa na mwisho wa mbio zake. Metamateria inaweza kuikimbiza migongo hiyo kwa rangi moja iliyochaguliwa bila kuvunja sheria yoyote, kwa sababu nishati yenyewe haiendi kasi kuliko mwanga. Kwa rangi zote kwa pamoja, haiwezekani. Kwa hiyo ukifichwa kwa nyekundu, kwa buluu unaweza hata kuonekana zaidi ya mwanzo.

Waliokwenda mbele upande wa mwanga wameficha vitu vidogo sana. Mwaka 2015 kundi la mwanasayansi Xiang Zhang, Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Marekani, lilitengeneza ngozi yenye vitofali vya dhahabu, unene wake nanomita 80, ikafunika kitu cha mikromita (elfu ya milimita) 36 hivi, kwa mwanga mwekundu wa nanomita 730. Kitu hicho ni kidogo kuliko unene wa nywele nyingi za kichwani. Kingine kilichonifurahisha ni cha mwaka 2011, vipande vya kalsaiti, jiwe la kawaida kabisa, vikaficha kwa mwanga wa kuonekana kitu cha milimita chache kilicholala juu ya kioo cha kujitazama. Ila ni kwa mwanga unaotikisika upande mmoja tu.

Na umwambie kijana wako jambo hili, litamkaa: mwanga wote ukizungushwa, hakuna unaoingia jichoni mwa aliyefichwa. Hamumwoni, na yeye yumo gizani.

Sasa lenzi. Jaribio hilo ni la Joseph Choi na John Howell, Chuo Kikuu cha Rochester, mwaka 2014. Halina metamateria. Gharama yao ilizidi dola 1,000 kidogo, lakini za kwako zitafaa kujifunzia. Panga kwa mstari mmoja: 20, 10, 10, 20. Kutoka ya kwanza hadi ya pili ni jumla ya fokasi, sentimita 30. Ya tatu hadi ya nne, 30 tena. Nafasi ya katikati ni mara mbili ya fokasi ndogo, zidisha kwa jumla, gawanya kwa tofauti: 2 × 10 × 30 ÷ 10, yaani 60. Urefu wote sentimita 120, meza mbili za maabara. Kitu unachokificha usikiweke kwenye mstari wa katikati, kiweke pembeni kuuzunguka, kama sehemu ya mkate wa mviringo uliotobolewa katikati. Mwanga unapita kwenye tundu.

KassimMoro ameuliza:

Fundi, na zile ngao za plastiki? Nimeona mtu amesimama nyuma yake mwilini hakuna kitu, nyasi zinaendelea. Ile haikuwa video ya kuhaririwa, aliyenitumia aliishika mwenyewe kwa mikono yake.

FundiMnara amejibu:

Hizo ni za kweli, Kassim. Zinatumia kanuni ileile ya rula za watoto zenye picha inayobadilika ukiigeuza. Plastiki ina mistari midogo iliyobinuka, kila mstari ni lenzi nyembamba iliyosimama wima. Mwanga kutoka kwa mtu, ambaye ni mwembamba naye amesimama wima, unatawanywa kushoto na kulia hadi unafifia. Nyasi au bahari, vilivyolala kwa upana, hata ukivitawanya kwa upana vinabaki nyasi na bahari. Mweke mtu huyo mbele ya ukuta wenye nguzo nguzo, nguzo nazo zitapotea, na utajua hapo pana kitu. Pia lazima asimame hatua kidogo nyuma ya plastiki. Akiigusa anaonekana. Huwezi kuivaa kama shati.

BintiMakunduchi ameandika:

Shikamoo Mwalimu, na kaka Fundi salamu. Mimi si mtu wa fizikia. Mama yangu anavua pweza huku Unguja, anakwenda mwambani maji yakitoka na fimbo yake ya kuchokolea, nami nilikuwa nikimfuata tangu mdogo. Pweza akikaa juu ya jiwe unaweza kumkanyaga. Anabadilisha rangi kabla hujamaliza kupepesa jicho, na ngozi inainuka vinundu kama mwani. Nilipofika chuo nikasoma kwamba jicho lake halitofautishi rangi kama letu, nikastaajabu sana. Yeye haupindi mwanga, anajifananisha na pale alipo, kama tyubu ya Mwalimu na mafuta. Mama hamtafuti pweza mwenyewe. Anatafuta makombe yaliyotupwa nje ya shimo, mabaki ya alivyokula.

MwalimuPangani ameandika:

Marahaba, wote wawili. Binti, hayo ya makombe nitayapeleka darasani kesho kama yalivyo.

Fundi, tumejaribu leo. Mara ya kwanza ilishindikana. Ubao ulionekana umevimba na nikajua umbali haukukaa sawa. Tukazipima lenzi upya, kila moja ikiangaliwa inavyotupa picha ya mnazi wa nje kwenye karatasi nyeupe, na moja iliyoandikwa 20 kumbe ni 18 na nusu. Nikaazima nyingine shule ya jirani. Tukazisimamisha kwa udongo wa kufinyangia, tukavuta uzi ili vitovu vyote vikae mstari mmoja. Ukutani tukabandika manila iliyochorwa miraba.

Mwanafunzi aliyeniuliza ndiye aliyekaa kwenye kiti upande wa pili, mita mbili nyuma ya lenzi ya mwisho. Miraba aliiona wima na kwa ukubwa wake, ila pembeni ilikuwa na rangi za upinde wa mvua, nadhani kwa sababu lenzi zetu ni za kioo kimoja. Nikaingiza penseli kutoka juu, kati ya lenzi ya kwanza na ya pili, sentimita chache kabla ya ile ya pili. Akasema, "Mwalimu, ingiza basi." Nikamwambia imeshaingia. Hakuamini hadi alipoinuka akaja kuiona mkononi mwangu.

Halafu akarudi kitini, akaniomba niishushe taratibu hadi katikati, aone inaanzia wapi kuonekana. Tulirudia mara saba, yeye akiandika kwa milimita. Kengele ilipogonga walikuwa bado wamepanga foleni kukikalia kiti kile, kwa hiyo lenzi nimeziacha mezani kama zilivyo na mlango wa maabara nimeufunga kwa kufuli.