Metasafesi ya kupima floraidi kwenye maji ya kisima: bonde la S21 linahama ovyo

MtafitiVisima
Wakuu, salaam. PhD yangu inahusu kihisi cha metasafesi (uso wenye maumbo madogo yaliyopangwa ili kuathiri mawimbi) cha kupima floraidi kwenye visima vya ukanda wa Arusha na Meru. Kihisi ni safu ya pete za shaba zenye pengo, juu ya ubao wa FR4 (faibaglasi ya kawaida ya saketi), na resonansi yake, yaani masafa inapoitikia zaidi, iko karibu na gigahezi 2.4. Maji yanakaa juu ya pete, nasoma S21, yaani kiasi cha mawimbi kinachopita, kwa VNA (kichanganuzi cha mawimbi ya redio); kwenye resonansi S21 hushuka na kuchora bonde. Kisima chenye miligramu 1.5 kwa lita na chenye 10 vinatofautiana vizuri, lakini sampuli ileile ikisomwa asubuhi na mchana, bonde lake linahama karibu kiasi hichohicho. Nihamie ubao wa RO4003C, wenye upotevu mdogo, au nibadilishe umbo la pete?

Mawimbi_RF
Mkuu, kabla ya kununua ubao piga hesabu ya maji yenyewe. Floraidi miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha WHO, ni kama milimoli 0.08. Chumvi za namna hii hushusha pemitiviti ya maji (namna yanavyoitikia uga wa umeme) kwa takriban 15 kwa kila moli kwa lita, hivyo unawinda badiliko la 0.0012 kwenye namba iliyo karibu na 78. Joto nalo huishusha kwa 0.36 hivi kila nyuzi moja ya Selsiasi. Yaani maji yakipata joto kwa nyuzi 0.003 tu, bonde limeshahama sawa na floraidi yote unayoitafuta.

RO4003C haitakuokoa. Tanjenti yake ya upotevu, yaani kipimo cha nishati ya mawimbi inayopotea ndani yake, ni 0.0027 na wa FR4 ni 0.02 hivi, lakini maji yenyewe kwenye masafa hayo yana 0.12. Hayo ndiyo yanayolipanua bonde.

KemiaMaji
Naongeza: visima vya volkano vyenye floraidi nyingi kwa kawaida vina sodiamu na bikaboneti nyingi pia. Tofauti ya visima vyako viwili huenda ni upitishaji umeme, na hiyo mita ya bei nafuu inaipima. Mtahini atakuuliza hilo mapema. Tengeneza sampuli za sodiamu floraidi ndani ya maji yenye bikaboneti ileile, zote kwenye joto moja, uone kinachobaki.

MtafitiVisima
Nimewaelewa. Nikipaka utando unaonasa floraidi kwenye pengo la pete?

Mawimbi_RF
Pengo la milimita 0.2 linatoa uga unaopanda juu kiasi kama hichohicho. Utando wa mikroni moja utashika sehemu ndogo sana ya uga huo, mwingine wote utaendelea kusoma maji. Hapa ndipo metasafesi ya mwanga inapostahili gharama yake: uga wake hufifia ndani ya nanomita mia moja au mia mbili, kwa hiyo utando mwembamba unaujaza. Bila utando hata mwanga hautoshi, kwa sababu joto hubadilisha kipeo cha mpindo wa maji (kiasi yanavyopinda mwanga) kwa takriban 0.0001 kila nyuzi, na badiliko la floraidi yako ni chini ya sehemu moja ya mia ya hapo.

Weka safu mbili kwenye chipu moja, mfereji mmoja: moja yenye utando, nyingine yenye silika isiyonasa. Toa moja kwa nyingine, athari za joto na chumvi zitaondoka kwa sehemu kubwa.

KemiaMaji
Kwa utando jaribu haidroksidi ya alumini. Shikilia pH 5 hadi 5.5 kwa bafa ya asetati: ikishuka zaidi alumini inayeyuka na floraidi inaanza kugeuka HF (asidi haidrofloriki), ikipanda ioni za haidroksidi za kwenye maji zinagombea nafasi na floraidi. Fosfeti nayo hushika alumini kwa nguvu, ipime katika kila kisima. Kuosha utando unatumia sodiamu haidroksidi hafifu, kwa hiyo chagua chipu ya silikoni nitridi; silikoni tupu italika taratibu.

Namba za kulinganisha zitoke kwenye elektrodi ya floraidi pamoja na TISAB (bafa inayosawazisha pH na chumvi za sampuli), nusu kwa nusu na sampuli. Na kikomo cha kugundua, yaani sigma (mkengeuko sanifu) tatu za sampuli isiyo na floraidi ukigawanya kwa mteremko wa mstari wa kalibresheni, kipimwe kwenye maji ya kisima yaliyoondolewa floraidi. Ukikipima kwenye maji ya maabara yasiyo na madini utapata namba nzuri isiyofika kisimani.